Suluhu ya Nani? Jamii, Familia na Ulinzi wa Mtoto

Katika vijiji na mitaa mingi ya Kenya kuna kauli moja ambayo maafisa wa watoto, walimu na polisi wameizoea mno: "Hayo tulikwisha kuyazungumza." Husemwa kwa upole, aghalabu na mzee mwenye heshima zake, na maana yake ni kwamba mtoto aliumizwa, aliyemuumiza anajulikana, familia mbili zimeketi, kitu kimetolewa, na shauri limefungwa. Mtoto mwenyewe hakuwapo kikaoni. Iwapo alikuwapo, aliitwa athibitishe yaliyotendeka, kisha akaambiwa atoke nje ili wakubwa wazungumze. Kilichopatikana huitwa suluhu. Ni suluhu ya nani?

Swali hili lina uzito kwa sababu siku hizi kila warsha na kila mpango wa serikali unahimiza ulinzi wa mtoto unaoegemea jamii. Wazo lenyewe ni jema na halina mbadala. Hakuna dola inayoweza kumweka askari katika kila nyumba, wala afisa wa watoto mmoja aliyekabidhiwa kaunti ndogo nzima hawezi kujua ni mtoto yupi wa mlango wa tatu ambaye hajatia kitu kinywani tangu jana. Jirani hujua. Shangazi hujua. Mwenye duka hujua, kwa kuwa yeye ndiye anayeandika madeni ya unga. Hata hivyo, jamii hiyo hiyo inayojua ndiyo inayoficha, na anayelisifu neno jamii bila kulichunguza huenda akawa anamkabidhi fisi zizi alilinde. Makala haya yanashikilia kwamba jamii ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto kabla hajadhurika, na ndiyo tegemeo la familia inayoyumba. Lakini mtoto akishadhurika kingono, wazee hawana mamlaka ya kuyamaliza. Mipaka hii miwili ikichanganywa, yote huharibika.

Ukubwa wa jambo hili si wa kukisia. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanywa mwaka wa 2010 uliwahoji vijana wa umri wa miaka 18 hadi 24 kuhusu utoto wao. Asilimia 32 ya wanawake na asilimia 18 ya wanaume walieleza kwamba walipatwa na dhuluma ya kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Utafiti huo uliporudiwa mwaka wa 2019, viwango vilikuwa asilimia 15.6 kwa wanawake na asilimia 6.4 kwa wanaume. Kupungua huko ni habari ya kutia moyo, na ni ithibati kwamba tatizo hili si kudura isiyoweza kuzuiwa. Lakini hata kwa hesabu hiyo ndogo, darasa la wasichana 40 lina wasichana takriban sita wenye siri ya namna hii. Aghalabu mtendaji si mgeni aliyejificha kichakani. Ni mtu mwenye jina, anayesalimiwa kila asubuhi.

Hapa msomi wa Kiswahili ana la kusema ambalo mwanasheria na mhudumu wa afya huenda wasilione. Magazeti, redio na hata mahakama za Kenya huliita kosa hili kwa kitenzi kunajisi. Najisi, kama inavyojulikana, ni uchafu wa kidini. Nguo ikiguswa nao haifai kuswalia mpaka ifuliwe. Anayesema kwamba mtoto "amenajisiwa" amekwisha kusema, apende asipende, kuwa mtoto ndiye aliyechafuka. Aliyetenda amebaki nje ya neno, mikono yake mieupe. Hali ni mbaya zaidi katika kauli ya mtaani, "ameharibiwa". Kitu kilichoharibika hupungua thamani, na kitu chenye thamani kina mwenyewe. Ndiyo maana fidia katika vikao vya wazee hupewa baba. Mbuzi au fedha anazopokea si tiba ya mtoto. Ni malipo ya mali iliyoshuka bei. Haitoshi kuulaumu uroho wa mzazi. Lugha ilikuwa imemwandalia njia kabla hajaketi.

Mtoto naye hupewa msamiati wake. Watoto wengi wa Kenya, wanapoulizwa yaliyowapata, husema, "Alinifanyia tabia mbaya." Maneno hayo mawili yamo katika hukumu nyingi za mahakama za nchi hii, na mahakimu wamelazimika kueleza mara kwa mara kwamba wanaelewa mtoto anamaanisha nini. Lakini tabia mbaya ni yale yale maneno anayoambiwa mtoto huyo anapomjibu mwalimu kwa ufidhuli au anapoiba sukari. Kwa hiyo anaposimulia dhuluma aliyotendewa, huisimulia kwa lugha ya makosa yake mwenyewe. Kuna watakaosema kwamba huku ni kucheza na maneno. Mtoto anayesikia mtaa mzima ukimwita aliyeharibika hachezi. Neno dhuluma, ingawa ni pana, lina sifa moja ambayo kunajisi halina: halikamiliki bila dhalimu. Anayesema "amedhulumiwa kingono" huwa amekwisha kuuliza, katika neno lile lile, ni nani aliyedhulumu na ni haki gani iliyoporwa.

Etimolojia ina kejeli nyingine. Kaskazini Mashariki mwa Kenya, kikao cha wazee cha kupatanisha koo huitwa maslaha. Neno hilo lina mzizi mmoja wa Kiarabu na suluhu, na mzizi huo ndio uliotupatia maslahi. Katiba ya mwaka wa 2010, katika Ibara ya 53, inaagiza kwamba maslahi ya mtoto yapewe uzito wa kwanza katika kila jambo linalomhusu. Maslaha ya koo na maslahi ya mtoto ni ndugu wa tumbo moja kilugha, na katika kesi nyingi ni mahasimu. Koo mbili zinapopatana ili zisipigane visimani, zinapata amani ya kweli, na asiyeishi huko asiidharau amani hiyo. Tatizo ni kwamba mtoto ndiye anayeilipia.

Sheria yenyewe haina utata. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka wa 2006, katika kifungu cha 40, iliuweka uamuzi wa kusitisha uchunguzi au mashtaka mikononi mwa Mwanasheria Mkuu, kazi ambayo chini ya Katiba ya sasa ni ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Chifu hatajwi, wala mzee wa kijiji, wala baba. Katiba nayo, katika Ibara ya 159, inahimiza mbinu za jadi za kusuluhisha migogoro, kisha mara moja inaziwekea mpaka: zisitumiwe kwa namna inayokiuka haki za kimsingi. Wanaopenda kunukuu nusu ya kwanza ya ibara hiyo mbele ya baraza wangefaa kusoma mpaka mwisho.

Kuna jambo la kitabibu linalopaswa kujulikana na kila mzee wa mtaa kuliko ibara zote hizi. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI baada ya dhuluma ya kingono hutolewa ndani ya saa 72. Baada ya hapo hazifai. Kikao cha wazee hakiitishwi ndani ya saa 72. Hungoja mjomba afike kutoka Nairobi, hungoja siku ya soko ipite, hungoja mazishi ya jirani yamalizike. Wakati kahawa inapomiminwa na salamu kuanza, mlango wa hospitali umekwisha kufungwa, na ushahidi ambao ungepatikana mwilini na kwenye nguo umeoshwa. Hata kama wazee wote ni waadilifu, na wengi ni waadilifu, saa haiwangojei.

Pamoja na hayo, si haki kuwasuta wazazi wanaowaendea wazee kana kwamba wangepata haki upesi kwingineko. Mama wa mashambani anayeamua kwenda polisi huanza safari ya nauli: kituoni, hospitalini kujaziwa fomu ya P3, kituoni tena, mahakamani mara tano au sita kesi ikiahirishwa. Iwapo mshukiwa ndiye anayelipa kodi ya nyumba, kumshtaki ni kuchagua njaa. Dola imewahi kuambiwa wazi kwamba imeshindwa. Tarehe 27 Mei 2013, Mahakama Kuu ya Meru ilitoa uamuzi katika kesi iliyowasilishwa na wasichana 11, kesi ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Wasichana 160. Mahakama iliona kwamba polisi, kwa kukosa kuchunguza malalamiko yao upesi na ipasavyo, walikiuka haki zao za kikatiba, na ikaamuru uchunguzi ufanywe. Uamuzi huo ungestahili kusimuliwa katika kila baraza. Unamwonyesha mwananchi kwamba polisi wakilala, dawa si kuwaacha walale na kwenda kuomba mbuzi.

Je, jadi haina kitu? Inacho, ila si kile kinachosifiwa kila mara. Miongoni mwa Waluo wa zamani, watoto walilala katika siwindhe, nyumba ya mwanamke mzee aliyewafunza na kuwasikiliza. Katika upwa wa Waswahili, msichana aliyebaleghe alipewa somo, mwanamke asiye mama yake, wa kumfunza mambo ya mwili na ya ndoa. Taasisi hizi hazikuwa peponi. Zilifunza stara, na pamoja na stara zilifunza kunyamaza. Zilimwandaa msichana kwa ajili ya mume zaidi ya kumwandaa kwa ajili ya nafsi yake. Lakini zilikuwa na jambo moja ambalo familia ya chumba kimoja cha mabati haina: zilimpa mtoto sikio la mtu mzima asiye mzazi wake, mtu aliyetambuliwa na wote kuwa na haki ya kuuliza. Mtoto anayedhulumiwa na baba hawezi kumweleza baba. Mara nyingi hawezi hata kumweleza mama, kwa kuwa mama ana mengi ya kupoteza.

Wasomaji wa Chozi la Heri, riwaya ya Assumpta Matei iliyotahiniwa katika shule za sekondari, wanamkumbuka Sauna. Wengi humkumbuka kama mwizi wa watoto, yaya anayewatoa Dick na Mwaliko nyumbani kwao na kuwafikisha mikononi mwa Bi. Kangara. Katika mijadala ya darasani yeye huainishwa upesi miongoni mwa wahusika waovu, na sifa zake zikaorodheshwa ubaoni. Kinachopitwa kwa haraka ni kwamba Sauna mwenyewe alidhulumiwa na baba wa kambo, na mama yake akalifunika jambo hilo ili nyumba isivunjike. Hakuna jirani aliyeuliza. Mwandishi hamwondolei Sauna hatia yake, wala hapaswi. Anaonyesha tu gharama ya kufunika: nyumba moja iliyookolewa kwa kunyamaza imezibomoa nyumba nyingine. Hakiki zinazomsoma Sauna peke yake bila mama yake zimesoma nusu ya mhusika, na mama huyo ndiye hasa mtu ambaye mpango wowote wa kusaidia familia ungepaswa kumfikia mapema.

Kumfikia kwa njia gani? Hapa ndipo jamii ina kazi isiyoweza kufanywa na mahakama. Mwanamke asiye na kipato hawezi kumfukuza mume. Mwaka wa 2004 serikali ilianza, kwa majaribio, mpango wa kuzipa fedha familia zinazolea mayatima na watoto walio katika hali ngumu. Ulianza na kaya chache katika Garissa, Kwale na Nairobi, kisha ukaenea nchini kote, na malipo yakafikia shilingi 2,000 kwa mwezi. Wapo wanaozidharau shilingi hizo. Zinatosha unga, sabuni na sare ya shule mara moja kwa mwaka, na nyanya anayezipokea hana haja ya kumpeleka mjukuu wake wa miaka kumi mjini akawe yaya katika nyumba asiyoijua. Vyama vya wanawake vya kuchangiana fedha hufanya kazi kama hiyo bila kuandikwa popote. Katika chama, mama aliyepigwa huonekana. Akikosa mkutano mara mbili, hutumwa mtu akamwangalie. Mpango wa serikali unaoingia kijijini na kuunda kamati mpya, yenye mwenyekiti na posho zake, huku chama cha wanawake kikikutana mita mia moja kutoka hapo, umeanza kwa kupoteza fedha.

Mijini tatizo lina sura nyingine. Mama anayefanya kibarua katika viwanda vya Nairobi hutoka alfajiri na kurudi usiku. Mtoto wa miaka miwili hubaki kwa mwanamke wa mtaa anayewalea watoto ishirini katika chumba kimoja kwa malipo ya kila siku; wa miaka minane hujifungia ndani au hurandaranda. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya KOVIDI-19, na nyingi zikakaa hivyo mpaka Januari 2021, ilidhihirika ni watoto wangapi waliokuwa wakilindwa na kengele ya shule tu. Mwanamke yule mwenye chumba si adui. Akifunzwa, akapewa maji safi na mtu wa kumtembelea mara kwa mara, amekuwa kituo cha ulinzi cha bei nafuu kuliko chochote kilichomo katika bajeti.

Wa kumtembelea wapo. Tangu mwaka wa 2023 nchi ina wahudumu wa afya ya jamii takriban 100,000, kila mmoja akitarajiwa kuzihudumia kaya kama mia moja. Kuna pia watu wa kujitolea wanaowasaidia maafisa wa watoto, na Sheria ya Watoto ya mwaka wa 2022 imeweka kamati za ushauri za watoto katika ngazi za kaunti, kaunti ndogo na wadi. Mzee wa nyumba kumi naye yupo, japo aliwekwa mwaka wa 2013 kwa hofu ya ugaidi na kuombwa atazame wageni. Angeombwa atazame wenyeji pia. Anayebisha mlango kupima shinikizo la damu la nyanya huona mengi bila kuuliza: kitanda kimoja, kijana mkubwa asiye wa ukoo, mtoto anayeshtuka kila mlango unapogongwa. Awe na nambari ya afisa wa watoto, na ajue kwamba nambari 116 hupigwa bila malipo. Awe pia na ulinzi dhidi ya wale watakaomwita msaliti, maana yeye bado ataishi hapo.

Kuhusu kiboko, mjadala umekuwa mrefu kuliko unavyostahili. Adhabu hiyo ilipigwa marufuku shuleni mwaka wa 2001, na bado husikika madarasani. Samaki mkunje angali mbichi, husemwa, na mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hizo hutumiwa kana kwamba ni vifungu vya sheria. Hazitaji fimbo. Kumkunja samaki ni kumuunda akiwa laini. Anayempiga samaki mbichi kwa rungu hamkunji, anampondaponda. Nchini Uganda, jaribio lililofanywa katika shule 42 za wilaya ya Luwero, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka wa 2015, lilipunguza ukatili wa walimu dhidi ya wanafunzi kwa asilimia 42, kwa kuihusisha shule nzima na wazazi badala ya kutuma waraka tu. Mtoto aliyezoeshwa kwamba mkubwa ana haki na mwili wake, na kwamba kulia ni utovu wa adabu, hana namna ya kutofautisha mkono wa mwalimu na mkono mwingine.

Wala jawabu si kumwondoa mtoto kwao. Kwa miaka mingi makao ya watoto yalikuwa ndiyo kimbilio, na fadhila za wafadhili ziliyajaza watoto ambao wazazi wao walikuwa hai, wakiwa maskini tu. Mkakati wa kitaifa wa mwaka wa 2022 unakusudia kuwarejesha watoto katika malezi ya kifamilia kufikia mwaka wa 2032, na Sheria ya Watoto ya mwaka huo imetambua hata kafala, malezi ya mtoto kwa mujibu wa Uislamu, ambayo Waislamu walikuwa nayo kabla ya sheria kuijua. Ni hatua sahihi, mradi anayemrejesha mtoto nyumbani awe ameuliza kwanza kwa nini aliondoka.

Inabaki nafasi ya wanaosoma Kiswahili vyuoni. Kila mwaka mamia yao hupelekwa katika shule za sekondari kwa mazoezi ya kufundisha. Katika maandalizi hufundishwa maazimio ya kazi, andalio la somo na matumizi ya ubao. Kwa nadra huambiwa kwamba wao, kuliko walimu wa masomo mengine, ndio watakaoletewa siri. Mwalimu wa hesabu hupewa majibu. Mwalimu wa Kiswahili hupewa insha, na insha ya kisa inayoanzia "Usiku huo" wakati mwingine si ya kubuni. Saa moja katika juma la maandalizi ingetosha kumweleza mwalimu mwanafunzi asimhoji mtoto mbele ya wenzake, asimwahidi kwamba hatamwambia mtu yeyote, na ajue ni nani wa kumwona siku hiyo hiyo, kabla ya saa 72. Kwa sasa daftari huchukuliwa na madaftari mengine hamsini, husahihishwa usiku kwa taa ya simu, na hurudishwa Jumatatu likiwa limepigiwa mistari ya wino mwekundu chini ya kila kosa la upatanisho wa kisarufi: 11/20, hati ni nzuri, zingatia aya.